Ukuta Uliokomea kwenye Lenta

Nyumba tunayoishi Ipuli, mjini Tabora, ina banda la gari lililoungana nayo, na ukuta wake wa ndani ndio huohuo ukuta wa chumba wanacholala watoto. Humo tulikuwa tukiweka pikipiki, jenereta na dumu la petroli, wala sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa ukuta ni wa tofali za kuchoma na tofali haliungui. Wasiwasi ulinianza asubuhi moja binti yangu mdogo aliponiambia, “Mama, chumbani kunanuka petroli.” Kifuniko cha dumu kilikuwa kimelegea. Nilijiuliza: ikiwa harufu imepata njia, moshi na moto vitaikosaje?

Njia ya kwanza tuliiona mara moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na chini ya mlango wa kuingilia ukumbini kulikuwa na uwazi wa kupitisha vidole. Njia ya pili ndiyo iliyonitisha. Usiku ule fundi alipanda darini upande wa gari akiwa na tochi kali, nami nikafungua kifuniko cha dari la ukumbini, nikauona mwanga wake wote. Ukuta ulikuwa umekomea kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Juu yake, chini ya mabati, nafasi ilikuwa moja, yenye kenchi za mbao kavu tangu banda la gari hadi chumba cha mwisho. Moto ambao ungeanzia kwenye jenereta ungepita juu ya vichwa vya watoto bila kuligusa hata tofali moja.

“Mama, tofali mia tatu zinatosha kuufikisha kwenye bati,” fundi alisema, na kweli zilitosha. Aliupandisha ukuta, akaupiga lipu pande zote mbili, kisha akashindilia saruji palipopita papi, yaani mbao zinazopigiliwa mabati, na kuzunguka paipu za nyaya za umeme. Matundu ya hewa yaliyokuwa yakielekea chumba cha watoto tuliyaziba, tukatoboa mengine upande wa nje.

Dari la banda lilikuwa la mbao nyembamba. Tuliling’oa na kuweka jipsamu ya milimita 12, ingawa ya milimita 9 ilikuwa rahisi kupatikana. Sikujutia gharama hiyo, kwa sababu takriban moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungamana ndani yake, nayo hutoka kama mvuke inapochomwa, na hadi yaishe, joto la upande wa pili hubaki karibu na nyuzi 100.

Kuhusu mlango, kanuni za nyumba za makazi zinazotumika Marekani hukubali mlango wa mbao nzima usiopungua unene wa milimita 35, na hukataza kabisa tundu lolote linalotoka banda la gari moja kwa moja hadi chumba cha kulala. Tabora hatukosi mninga, kwa hiyo seremala alitutengenezea wa milimita 40, wenye springi ya kujifunga. Chini yake tulijenga kizingiti cha saruji cha sentimita 10.

Kazi ilipokamilika tulirudia jaribio la tochi, na ukumbi ukabaki giza. Dumu la petroli halikurudi. Liko uani, kwenye kibanda cha bati chenye kufuli.