Meza ya mvule na maji ya deki

Ukipindua meza au kabati lililokaa miaka mitatu kwenye nyumba ya Nairobi inayopigwa deki kila siku, tazama ncha za miguu. Hapo ndipo samani nyingi nzuri huanzia kufa. Ncha ya mguu imekatwa kukingama nyuzi za mbao, kwa hiyo mirija yake iko wazi na hunyonya maji ya sakafuni. Vanishi hubanduka kuanzia chini, mbao huwa nyeusi, kisha gundi ya maungio hulegea. Mafundi wengi hawapaki chochote hapo kwa kuwa hapaonekani.

Samani ikiwa mpya, ipindue kabla hujaipanga. Sugua ncha kwa msasa namba 180, futa vumbi, halafu paka vanishi ya mafuta mara tatu. Mkono wa kwanza uchanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili uzame ndani; miwili inayofuata ipake bila kuongeza kitu. Kila mkono uache ukauke usiku kucha. Mwishoni bandika vipande vya felti, kile kitambaa kizito cha kushindiliwa, na siku za deki kamua tambara mpaka lisidondoshe maji.

Adui mwingine amezoeleka mno: kitambaa cha plastiki cha kufunikia meza. Viungo vinavyoifanya plastiki iwe laini huhamia polepole kwenye laka, yaani mpako angavu unaokauka haraka, nayo hulainika na kunata, hasa meza ikipigwa na jua. Ukija kukibandua, kinatoka na laka. Vitambaa vya kufuma ni salama zaidi, ila visogeze mara kwa mara. Mvule mpya una umanjano na hugeuka kahawia kadiri unavyopata mwanga, kwa hiyo palipofunikwa hubaki alama. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua la asubuhi na la alasiri huingia moja kwa moja kwenye madirisha ya mashariki na magharibi. Pazia jepesi hapo lina faida kuliko polishi yoyote.

Kabla ya kurekebisha alama, jua kwanza mbao imepakwa nini. Chini ya meza, pasipoonekana, gusa kwa pamba yenye spiriti. Pakinata, ni sheleki, mpako wa asili unaoyeyuka kwa spiriti. Pasiponata, jaribu thina ya laka (kiyeyushi chake) mahali pengine: pakiyeyuka ni laka, na pasipobadilika kuna uwezekano mkubwa ni poliyurethani, vanishi ngumu ya plastiki. Tofauti hii ni muhimu. Laka mpya huyeyusha kidogo ile ya zamani na kushikana nayo, lakini poliyurethani iliyokauka haiyeyuki, kwa hiyo ni lazima ikwaruzwe kwa msasa namba 320 kabla ya kupaka tena, la sivyo mkono mpya utabanduka.

Duara jeupe la kikombe cha chai maana yake unyevu umenaswa ndani ya vanishi au laka, haujafika kwenye mbao. Usikimbilie kukwangua. Acha siku mbili, mengi hufifia yenyewe. Likibaki, sugua taratibu kufuata nyuzi kwa sufi ya chuma namba 0000, ile laini kabisa, iliyopakwa nta. Doa jeusi ni habari nyingine: maji yameshaingia kwenye mbao, mara nyingi yakakutana na chuma, na hapo ni kazi ya kukwangua mpaka mbao tupu.

Polishi za kupuliza zenye silikoni mimi sizipendekezi hata kidogo. Silikoni hupenya kwenye nyufa, na siku fundi atakapopaka laka upya, laka hiyo itaikimbia silikoni na kuacha vishimo vidogo vya duara. Tengeneza nta yako: gramu 100 za nta ya nyuki na mililita 350 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji moto, zima moto kabisa, kisha ndipo umimine tapentaini mbali na jiko, maana mvuke wake hushika moto haraka. Paka kidogo sana, ngoja dakika 20, sugua kwa kitambaa cha pamba. Mara mbili kwa mwaka inatosha; ikizidi hunata na kukusanya vumbi.

Kwa anayenunua samani kando ya Ngong Road, Nairobi, chungulia chini ya uso wa meza. Ubao mzima hutanuka kwa upana mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, na hujikaza Januari na Februari. Ukiwa umegundishwa kwenye fremu pande zote, utapasuka. Tafuta skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, zinazouachia nafasi ya kucheza. Angalia pia mistari myeupe ya pembeni, ile mbao changa iliyokuwa karibu na gome: wadudu wanaoacha matundu ya milimita moja au mbili na unga laini huanzia hapo. Ukiikuta kwenye mahogani, mwambie fundi abadilishe ubao huo kabla hajapaka rangi.