Asubuhi Ile ya Katesh

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Wiki hii nilifungua daftari langu la zamani la misa, lile ninaloandikia masomo, nikaangukia ukurasa wa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023. Somo la kwanza lilitoka kwa Isaya: "Laiti ungepasua mbingu, na kushuka, ili milima itetemeke mbele zako." Injili ilikuwa Marko 13. Mwenye nyumba amesafiri, na watumishi wanaambiwa wakeshe kwa kuwa hawajui atarudi jioni, usiku wa manane, jimbi awikapo, au asubuhi.

Nilikuwa kanisani hapa Morogoro. Msomaji aliisoma ile "milima itetemeke" vizuri, kwa sauti ya kutulia, nami nikaandika na kupiga mstari. Sikujua kwamba alfajiri ya siku hiyohiyo, wakati wengine wetu tunajigeuza kitandani, sehemu ya mlima Hanang', kule mkoani Manyara, ilikuwa imemeguka. Tope, mawe makubwa na magogo vilishuka na mkondo wa mto Jorodom, vikapita vijijini, vikaingia mji wa Katesh mpaka sokoni. Tulipotoka misani simu zilikuwa zimejaa picha. Kwa hesabu ya Serikali walikufa watu 89.

Ikaja asubuhi, basi. Kati ya zile nyakati nne za Marko, ilikuwa ile ya mwisho.

Maneno yalianza siku ileile. Wengine walisema volkano imelipuka. Wataalamu waliopelekwa walisema hapana: mwamba laini wa mlimani ulinyonya maji ya mvua, na ile ilikuwa vuli ya El Nino, mpaka ukashindwa kujibeba. Wengine wakaja na la pili, ambalo ndilo lililoniudhi: kwamba watu wa Katesh wamekosa nini hata Mungu awafanyie hivi. Nilimsikia mhubiri wa barabarani akilisema kwa kipaza sauti karibu na stendi, na watu wanaitikia amina. Bwana wetu alishaulizwa jambo hili. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kisha anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Anawageuzia swali wanaouliza, watubu wao. Sijui kwa nini mstari huu hausomwi misibani.

Kuna sehemu ya Isaya ya Jumapili ile ambayo nimekaa nayo muda mrefu zaidi. Inasema: "sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu." Tumezoea kuimba maneno haya macho yakiwa yamefumba. Lakini yasome ukiwa umeona picha ya nyumba iliyojaa udongo hadi kwenye madirisha, koo linakauka. Hanang' ni mlima wa volkano ya kale, mita 3,417, na udongo wa miteremko yake na tambarare zilizo chini yake una rutuba kwa sababu hiyohiyo. Mvua za miaka isiyohesabika ziliushusha kutoka juu kidogo kidogo, watu wakalima mahindi, maharage na ngano, wakajenga mji. Udongo uliowazika ni ndugu wa ule uliowalisha. Siwezi kulifunga jambo hili kwa sentensi moja ya faraja, na naomba msinidai.

Ninachoweza ni kurudi kwa Marko, kwenye mstari tunaouruka. Kabla ya "kesheni", Yesu anasema yule bwana alimpa kila mtumishi kazi yake, "naye amemwamuru bawabu akeshe." Bawabu hakeshi kwa hofu. Anajua mlango uko wapi, anajua wageni huwa wanatokea njia ipi. Kukesha kwake ni ujuzi wa mahali.

Sisi tunaoishi chini ya milima ya Uluguru tuna mlango wetu. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, kwenye milima hiyohiyo, mvua kubwa ya saa chache tu iliangusha maporomoko zaidi ya elfu moja, mengi madogo madogo, mteremko baada ya mteremko. Wataalamu waliokwenda kuyachunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Penye miti yalikuwa machache mno. Nilipowauliza vijana wa jumuiya kama wamewahi kusikia habari za Mgeta, hakuna aliyejua. Nisiwaseme sana, mimi mwenyewe nilizijua nikiwa mtu mzima.

Tena nina kosa la kuungama. Miaka michache iliyopita nilinunua kiwanja pembeni ya korongo kavu, kwa kuwa bei ilikuwa ya kutupa. Mzee wa jirani alinisimamisha akaniambia, "Mwanangu, hapo maji yana njia yake." Nilimjibu kwa heshima, shikamoo na asante nyingi, huku moyoni nikimcheka. Korongo lilikuwa na vumbi! Watoto walichezea mpira humo. Yule mzee ndiye bawabu, nami nilimpita mlangoni kama mtu aliyechelewa basi.

Siku maporomoko yanatokea Katesh, Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Alikatisha safari, akafika Katesh siku chache baadaye. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa waliopoteza makazi. Ni jambo jema kabisa. Ila nyumba mpya haimwambii mtoto atakayezaliwa mwaka 2040 kwamba Jorodom ilipita wapi. Hilo linahitaji mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo Alhamisi tukikutana kwa mama mwenyekiti, tutaanza na nia ya kuwaombea marehemu wa Katesh na wale waliobaki nyuma yao. Halafu naomba kila nyumba ije na jambo moja ililoliuliza kwa mkubwa wake: maji yaliwahi kupita wapi mtaani kwetu, mwaka gani, korongo gani lilikuwa na jina ambalo sasa limesahaulika. Yaandikeni hata kwenye karatasi ya daftari la shule. Mimi kesho asubuhi ninakwenda kwa yule mzee. Nimemnunulia sukari kilo mbili, na nimechukua kalamu.