Shukrani ya kujilinganisha na wagonjwa mi siitaki

Kuna ile shukrani tuliyolelewa nayo wengi wetu, ukilalamika kidogo tu unaambiwa "shukuru Mungu, kuna watu wamelazwa Muhimbili wanapumulia mashine", na kweli unanyamaza, ila moyoni hujashukuru, umeogopa tu. Halafu ukiangalia vizuri ni kama yule mgonjwa kawekwa pale ili we ujisikie nafuu. Mi naona hatumtendei haki.

Siku hizi nafanya kivingine, na wala sina daftari la shukrani kama wanavyofundisha huko Instagram (nililinunua, watoto wakalichorea magari). Asubuhi nikishika kikombe cha chai najiuliza tu hii imepita kwa nani na nani mpaka ikanifikia. Majani labda yametoka Mufindi au Rungwe, kuna mama kaingia shambani umande haujakauka, anachuma na kutupia kapuni, na analipwa kwa kilo. Sukari ya Kilombero, kuna mtu kakata ile miwa, na miwa huwa inachomwa moto kwanza kabla ya kukatwa so jioni anatoka shambani kajaa masizi mwili mzima. Tangawizi ya Same imeshuka milimani kwa zile kona za kutapisha. Ukija kwenye chapati ndo balaa zaidi, maana ngano tunayokula nyingi inatoka nje, 2022 vita ilivyoanza Ukraine bei ya unga ikapanda mpaka dada wa chapati hapa mtaani akawa anazisukuma nyembamba unaona mpaka upande wa pili. Mkulima wa kule hanijui simjui, lakini shida yake ilifika kwenye sahani yangu. Ndo hapo nikaelewa ule usemi wa binadamu wote ni ndugu sio wa kwenye mahubiri tu.

Hata shati nililovaa ni la mtumba, lebo inasema limeshonwa Bangladesh, kuna mzungu kalivaa wee akalichoka, likafungwa kwenye belo likapanda meli, Karume nikalipata kwa elfu tano. Watu wangapi hao kwa shati moja!

Sasa hao wa mbali siwezi kuwafikia niwape asante, lakini wa karibu nawaona kila siku, na hapa ndo wengi tunafeli. Mtu anaposti "grateful" asubuhi, jioni anamkaba mama wa mchicha ampunguzie mia mbili, na mama wa watu yuko pale kibandani tangu saa kumi na moja alfajiri. Bora uache kuposti umlipe.

Mi nimeanzia kwa mzoa taka wetu. Anapita Jumamosi, hela yake naiandaa tangu Ijumaa usiku, sitaki asimame getini juani na lile toroli eti nazunguka majirani natafuta chenji.