Elfu kumi isiyokuwa na chenji

Juzi binti yangu kaja na daftari la Kiswahili, kapewa homuweki ya methali, kamilisha na ueleze maana. Ya kwanza "Mkono mtupu", hiyo kajaza mwenyewe, haulambwi. Ya pili "Maskini akipata" hapo nikasita kidogo, si mnajua inavyomalizikia, nikamwambia andika matako hulia mbwata, akacheka mpaka kalamu ikamdondoka, mbwata ni nini baba, nikasema wewe andika. Ya tatu ndo ikanikalisha chini. "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba." Kamaliza kujaza halafu kaniangalia, "Sasa baba si aseme tu kwamba kaokota?"

Mimi nimewahi kuokota.

Ilikuwa 1998, zile mvua za El Niño zimeshatuharibia barabara, tunakaa Makorora, Tanga, niko darasa la nne. Mzee alishapunguzwa kiwandani, wakati ule viwanda vya Tanga vinafungwa kimoja baada ya kingine, waliokuwepo wanajua. Nimetumwa mafuta ya taa ya kukopa, napita pembeni ya mtaro nikaona kikaratasi kimekunjwa kama tiketi ya basi, nikakikanyaga kwanza, nikainama kama narekebisha ndala. Noti ya elfu kumi, ile ya kichwa cha twiga. Karo ya UPE, yaani ya shule ya msingi, ilikuwa elfu mbili kwa mwaka na ya kwangu ilikuwa haijalipwa, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe nilikuwa nimekanyaga miaka mingapi ya shule.

Nilidhani mama atapiga vigelegele. Alifunga mlango. Akaniuliza umeitoa wapi, nikamwambia, akauliza tena, nikamwambia, mara ya tatu hakuniuliza mimi ni kama aliuliza vile mtaa utakavyouliza, na mimi nikaanza kulia ilhali sijafanya kitu. Ndipo akaisema hiyo methali, taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Tatizo lilikuwa chenji. Mwenye duka tulikuwa kwenye daftari lake la madeni, jana yake tu katunyima robo ya sukari, leo umpelekee elfu kumi? Jirani ukimwomba chenji umeshatangaza. Mzee akasema tuipeleke kwa balozi wa nyumba kumi, mama akamwangalia tu, mzee akanyamaza. Basi ikashonewa ndani ya mto, na mto wenyewe ndo ule nnaolalia mimi. Wiki kama tatu hivi nalalia elfu kumi, asubuhi nikiamka naenda shule bila chai.

Halafu Jumamosi moja mama akaniambia vaa tunaenda Muheza. Nauli kaikopa, yaani tumekopa hela ili tukachenji hela. Muheza hatujulikani, na ulikuwa msimu wa machungwa.

Hapo barabarani kulikuwa na jamaa ananunua kwa wakulima na kuuza kwa magunia, mkoba wa hela kiunoni. Mama kachagua gunia, kabishana bei kwa muda mrefu kweli, mrefu kuliko ilivyohitajika, nafikiri alikuwa anachelewesha tu ile dakika ya kulipa. Kisha akageuka pembeni, akafungua pindo la kanga, akatoa. Yule jamaa akaipokea, akaikunjua, akaiinua juani. Halafu akatuangalia. Alianza chini. Ndala zangu, moja ina msumari umeshika kamba, akaja kwenye kaptula, akahamia kwenye kanga ya mama iliyopauka, akafika usoni akasimama hapo. Nasikia mpaka leo lile basi lililokuwa linaunguruma nyuma yetu na kondakta anaita Korogwe Korogwe. Jamaa akasema, "Mama, hela yote hii umeitoa wapi asubuhi asubuhi?"

Inawezekana kabisa alikuwa analalamika tu kuhusu chenji. Wafanyabiashara ndivyo wanavyosema, hata mimi sokoni naambiwa hivyo. Lakini nilisikia mkono wa mama umenibana begani, kucha zikaingia, na mama yangu, mnamjua mama yangu, mtu ambaye kwa uongo wa kikombe kilichovunjika alikuwa anakuchapa, akajibu bila kupepesa, "Mume wangu kapata mafao yake kiwandani." Mafao ambayo mzee hajayaona mpaka anaingia kaburini. Jamaa akasema hongereni, akahesabu chenji.

Yaliyobaki ni mafupi. Gunia likaja Tanga juu ya basi, mama akapanga machungwa mafungu mafungu nje ya nyumba, na sasa mtaa mzima ukaona hela zetu zinatoka wapi. Siku hizi wangeita utakatishaji fedha. Karo ikalipwa. Deni la dukani akalilipa mia tano mia tano kama mtu anayehangaika, na hela yote anayo. Viatu sikununuliwa, nilipolalamika ndo nikaletewa ile ya mbwata, watu watasema. Kwa hiyo hizo methali mbili za kwenye daftari la mtoto mimi nilizipata ndani ya mwezi mmoja, moja inakukataza kuokota na nyingine inakukataza kuonekana umepata, sijui sasa katikati hapo mtu anatakiwa asimame wapi.

Na kuna mtu aliidondosha ile hela. Hilo halikuzungumzwa nyumbani hata siku moja. Pengine alikuwa na watoto wanadaiwa UPE kama sisi, kwa hiyo hata huko kuambiwa kaiba sina uhakika kama tungekuwa tumeonewa.

Binti nimemwambia aandike maana aliyopewa na mwalimu, mnyonge akifanikiwa hushukiwa, akapata vema yake.

Jioni nikamtumia mama hela kwa simu, laki moja ya mwezi. Akapiga baada ya dakika mbili, hajafurahi. Nimeshakwambia tuma elfu ishirini, mara thelathini, kidogo kidogo, wakala mwenyewe ni huyu huyu jirani.