Ufunguo Sina: Nilivyopona Michango ya Harusi

Nauza dagaa Busia, upande wa Uganda. Mzigo naufuata Majanji ziwani, na wateja wangu wengi huvuka kutoka Kenya. Biashara ilikuwa inakwenda, ila mtaji ulikuwa unaliwa na simu.

Mtu akiwa na harusi au kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi wa binti, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, na tiki kwa aliyelipa. Hakuna anayekulazimisha. Lakini jirani wa meza ya pili ameandika shilingi 50,000 za Uganda, wewe utaandika 10,000 na mnauza dagaa hao hao? Unaandika 50,000, kisha Majanji unaenda na pesa pungufu. Binti yangu anayesomea uchumi aliniambia Mmarekani James Duesenberry aliyaeleza hayo mwaka 1949: mtu hutumia pesa akiwatazama walio karibu naye. Huyo angekaa kundini kwetu wiki moja tu, angeongeza kurasa.

Kukataa peke yangu sikuweza, na hofu hiyo si ya kijinga. Kwetu mchango ndio bima. Msiba ukikufika, watakuja uliowachangia. Basi nikajiunga na kikundi cha akiba cha akina mama. Hisa ni 5,000, kila mkutano unanunua moja hadi tano, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, mimi simo. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa.

Aibu ikahama. Sasa naona haya kununua hisa moja wenzangu wakinunua tano. Presha ni ile ile, ila hii inaninunulia mzigo.

Shemeji akapiga: "Shemeji, mbona jina lako halina tiki?"

"Pesa iko sandukuni, shemeji, na ufunguo sina. Hadi tugawane mwisho wa mwaka."

Akacheka. Mkewe naye ana sanduku lake.

Misiba sipunguzi. Harusi nachangia 10,000, na naandika mapema kabla wenye pesa hawajapandisha. Kwenye orodha ya juzi niliandika wa kwanza, na walionifuata wakaandika 10,000 vilevile. Mweka hazina hakufurahi.