Siku moja na wapanda baiskeli wa Mallorca, ruti ya Sa Calobra

Watu wakisikia niko Hispania wanajua niko Madrid au Barcelona. Hapana bwana, mi niko kisiwani, Mallorca, upande wa kaskazini panaitwa Port de Pollença, na kazi yangu ni fundi baiskeli halafu hapo hapo dereva wa gari linalofuata wageni wanaokuja kupanda milima. Nimekulia Soni, Tanzania, njia ya kwenda Lushoto, kwahiyo kona na mteremko havinishangazi, ila mtu kupanda ndege kutoka Ujerumani na kulipa hela yake nzuri ili akatweteshwe na mlima, hiyo bado sijaizoea. Basi leo nawapa siku moja, ni mwezi wa nne, msimu umechanganya.

Saa 11 na nusu alfajiri

Nje giza. Nashuka stoo ya baiskeli chini ya hoteli, nawasha taa, nagusa kila baiskeli kwa mkono. Upepo kwanza. Tairi za siku hizi ni pana, 28 mm, na mzee wa kilo 90 simjazii sawa na dada wa kilo 55, yule wa kilo 55 ukimjazia sana anarushwa rushwa njia nzima. Halafu zile baiskeli walizokuja nazo wenyewe kwenye ndege naziangalia nyuma, kuna kikono kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia mashine ya gia, kwenye mizigo kinapindaga kidogo tu, huwezi kuona kwa haraka, lakini mtu akiweka gia nyepesi kabisa mlimani mashine inaingia kwenye spoki na hapo ndo mwisho wa safari. Leo nimekuta kimoja kimepinda, nimekinyoosha taratibu, kile ukikilazimisha kinakatika.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui. Baiskeli za kukodi hapa breki ya mbele iko mkono wa kushoto, Waingereza wamezoea kulia. Mtu akishtuka kwenye mteremko anakamata mkono aliouzoea, akidhani ni ya nyuma kumbe ni ya mbele, na anaruka juu ya usukani. Kwahiyo kila Mwingereza namuuliza, nikubadilishie au umezoea? Akisitasita kujibu nambadilishia.

Saa 1 asubuhi

Chai. Wageni wanakula utadhani kesho hamna chakula, mi napiga kahawa na ensaimada, huo mkate wao mtamu wa kuzungushwa. Mwenzangu anayeongoza kundi anawaeleza ruti: Pollença, Coll de Femenia (coll kwao ni sehemu ya juu barabara inapokatiza mlima), Lluc, Sa Calobra mpaka baharini, turudi juu, halafu Caimari na nyumbani kupitia tambarare, karibu kilometa 100. Kila mtu anauliza kuhusu kupanda, ni mkali kiasi gani, nitaweza? Hakuna anayeuliza kuhusu kushuka, yani hakuna, na kazi yangu mimi karibu yote iko kwenye kushuka.

Saa 2 kamili

Tunaondoka, na ni saa 2 kweli, sio ile yetu, manake tukichelewa tunakutana na mabasi ya watalii kule chini na hapo kila mtu anaumia. Mi nafuata nyuma na gari, taa zinawaka. Sheria za hapa nazipenda sana aisee, dereva akimpita mpanda baiskeli lazima aache mita 1.5, na kama barabara ina njia mbili za kwenda upande mmoja anatakiwa ahame njia kabisa, hiyo iliingia 2022. Na kwenye raundabauti kundi zima linahesabiwa kama chombo kimoja, wa kwanza akishaingia mpaka wa mwisho anapita, magari yanangoja. Mara ya kwanza kuona lori limesimama kusubiri wazee waliovaa vibana nilidhani limeharibika.

Femenia ni kilometa saba na kitu, kupanda kwa ustaarabu, mwaloni pande zote, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo wenye kengele. Hii milima yote inaitwa Serra de Tramuntana, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2011, na sehemu kubwa ni kwa sababu ya hizo kuta na matuta ya mizeituni waliyojenga wakulima, sio mandhari tu.

Saa 4 na robo

Sasa hapa ndo Sa Calobra. Unafika kwenye njia panda chini ya mfereji wa zamani wa mawe, unakata kulia, unapanda kidogo mpaka Coll dels Reis, mita 682, halafu barabara inadondoka mpaka baharini, kilometa 9 na nusu, kona kali 26. Chini hamna mji, ni kijighuba na mikahawa. Barabara ilijengwa 1932, mhandisi anaitwa Antonio Parietti, na toka mwanzo ilikuwa ni ya kuleta watalii. Kuna mahali inazunguka inapita chini yake yenyewe, wenyewe wanapaita fundo la tai. Mtu wa kwetu nikimweleza namwambia chukua Mombo mpaka Soni, toa malori na wauza matunda, ongeza bahari chini.

Na kwa barabara hamna njia nyingine ya kutokea. Ukishuka, utapanda hiyo hiyo.

Kabla hawajashuka nawasimamisha wavae koti la upepo, jasho la kupandia likikutana na upepo wa kushuka vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakikamati breki. Naongea kwa ufupi: kamata breki kabla ya kona, ukiwa ndani ya kona achia. Watu waoga wanashikilia breki kidogo kidogo kilometa zote 9 na ndo wanajimaliza, diski ya breki inachemka. Leo mzee mmoja wa nyuma kabisa alikuwa hivyo hivyo, mi niko nyuma yake dirisha wazi, kona ya kumi hivi nikaanza kusikia harufu ya breki, nikapiga honi mara mbili akasimama pembeni. Diski ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi, bluu pale pembeni. Nikamwambia mzee tupumzike dakika tano, tazama mbuzi. Mbuzi wapo kweli, wa mwituni, wanapanda juu ya ukuta wanakuangalia, na wakikimbia wanaangusha vijiwe barabarani, vile vijiwe ndo adui yangu namba moja.

Saa 5 kasorobo

Chini. Kola, ndizi, picha, dakika ishirini tu. Wale wataalamu wanapanda huu mlima chini ya nusu saa, wateja wangu wengi ni saa nzima na ushee. Karibu na chini kuna mahali barabara inapenya katikati ya miamba miwili, basi likiwa linakuja hamna pa kukwepea, kwahiyo naenda mbele na gari natazama, nikiona shwari napiga simu, waje.

Mama mmoja alifika kilometa ya nne akaniashiria. Hakuna shida, baiskeli juu, yeye ndani. Akaanza kuniuliza kuhusu Kigali, alikuwa ameangalia mashindano ya dunia ya baiskeli ya 2025, yale ya kwanza kufanyika Afrika, Pogačar wa Slovenia akashinda kwa wanaume, akasema hakujua Rwanda kuna vilima vya namna ile. Nikamwambia mama, hiyo ni Rwanda tu, milima yetu ya Usambara hujaiona. Kaandika jina kwenye simu.

Saa 7 mchana

Sheli ya Coll de sa Batalla, karibu na monasteri ya Lluc. Ni sheli ya mafuta kweli ila baiskeli ni nyingi kuliko magari, zimeegeshwa ukuta mzima, watu wanakula keki. Nabadilisha tyubu moja, nakaza siti moja.

Kutoka hapo Caimari ni kushuka tena, rahisi, halafu vijia vya mashambani, Selva, Campanet, wanakimbizana kama watoto, mi najinyamazia na redio.

Saa 10 jioni mpaka usiku

Kuosha baiskeli, cheni, oili, betri za gia kwenye chaji (ndio, gia za umeme, ikiisha chaji unabaki na gia moja). Ile diski nimeipima, iko sawa, ila pedi zimeisha, nimeweka mpya.

Saa 3 usiku nimeangalia hali ya hewa, kesho ni rasi ya Formentor na utabiri unasema upepo utavuma kutoka kaskazini, kule njia ya kwenda mnara wa taa imekaa wazi baharini. Nimemwandikia mwenzangu tuwatoe saa 1 na nusu badala ya saa 2. Kajibu na emoji ya kulala tu, nitamgongea mlango.