Hawajambo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilipanga tutafakari habari ya mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19. Daftari langu lina vipengele vitatu: chakula, usingizi na mazoezi. Sababu nilikuwa nayo. Mwezi wa tatu mashine ya presha ilisoma 158 kwa 96, na muuguzi akaniuliza kwa upole, "Mama, kwani huwa unatembea?" Akanipa nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Ndizo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihimiza. Nimezishika kama fungu la kumi. Nimepungua kilo nne, na aliyekuwa hajasikia habari hizo ndani ya usharika huu basi alikuwa safarini.

Chakula niseme tu kwamba chapati mbili zinatosha. Usingizi, mwenzenu bado naanguka. Tamthilia ya Kituruki inaisha saa tano usiku, na nikishamaliza naanza kuwaza kama yule binti atamkumbuka mume wake. Tuyaache hayo, maana Jumamosi iliyopita Bwana alinichana daftari.

Jumamosi huwa natembea na jirani yangu, ambaye pia tuko naye jumuiya moja. Tunaanzia Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite hadi upande wa Aga Khan, tunarudi. Daraja lenyewe ni kilomita moja na ushee, na tangu lifunguliwe 2022, Jumamosi alfajiri ni kama uwanja wa mchezo. Vikundi vya jogging vinapita na fulana za rangi moja, mmoja anaimba mchakamchaka, wenzake wanaitikia, sisi wenye magoti tunabana pembeni.

Salamu zetu ni zilezile. "Umeamkaje, dada?" "Salama." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, tunamshukuru Mungu." Imeisha hiyo. Hata jasho halijatoka tumeshahamia kwenye tamthilia, au kwa mume wake, ambaye mpaka leo hajapona tangu Morocco watutoe robo fainali ya CHAN pale kwa Mkapa, Agosti 2025, bao moja kwa bila. (Wangu pia hajapona. Hilo tuliombee siku nyingine.)

Jirani yangu huvaa raba za kiume, namba 43, mbele kazijaza soksi zisimvuke. Jumamosi ya kwanza nilimtania kwamba amekuja na mitumbwi. Akacheka, tukacheka wote.

Sasa Jumamosi iliyopita, katikati ya daraja, kamba ya kiatu ikamfunguka. Akachuchumaa aifunge. Mimi nikasonga mbele, maana simu inahesabu hatua na nilikuwa naikaribia elfu sita. Nilipogeuka bado kachuchumaa, ameshika kile kiatu kwa mikono miwili. Nikajua kifundo kimeteguka. Nikarudi.

Ameniruhusu niseme jambo moja tu. Kijana wake wa pili aliondoka nyumbani mwezi wa pili. Ukipiga simu, haipokelewi. Raba ni za kwake.

Mwezi wa pili, wapendwa! Na mimi nimetembea na huyu mama Jumamosi saba, bega kwa bega, nikimweleza habari za binti wa Kituruki.

Nilipofika nyumbani nilifungua 2 Wafalme 4. Ile habari ya Mshunami tunaijua tangu Sunday school, lakini safari hii nilikwama kwenye mstari wa 26. Mtoto wa yule mama amefia magotini pake. Amemlaza kwenye kitanda cha nabii, akafunga mlango, akatandika punda, akaenda Karmeli. Elisha akamwona kwa mbali, akamwambia mtumishi wake Gehazi apige mbio kumlaki, amwulize: "Hujambo? Mume wako hajambo? Mtoto hajambo?" Akajibu, "Hawajambo."

Hawajambo! Na mtoto ni maiti.

Zamani nilihubiri kwamba hiyo ni imani ya yule mama, na siipingi. Lakini mwangalieni anayeuliza. Gehazi alikuwa na pumzi nzuri, hilo tumpe. Alikimbia, akauliza maswali yote matatu bila kusahau hata moja, akapewa majibu. Kazi amemaliza. Mama alipofika na kuishika miguu ya Elisha, Gehazi huyohuyo akasogea amwondoe. Ni Elisha aliyesema, "Mwache," maana roho yake ina uchungu ndani yake. Tena akakiri kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo hilo. Nabii mzima hakuwa anajua! Alijua baada ya kusimama na kumwacha mama aongee.

Wazee wenzangu wa kanisa, na nyie viongozi wa jumuiya, nawaambia huku najiambia mwenyewe: sisi ni akina Gehazi. Tunajua Simba wamesajili nani, tunajua nani kaachana na nani mjini, mpaka hatua zetu tunazijua kwa idadi. Mama wa benchi la tatu hajaonekana wiki nne, tunaandika kwenye grupu "mpendwa umepotea", anajibu "nipo", tunaweka mikono ya maombi, tunaendelea na matangazo ya harambee. Gehazi naye alitangulia na fimbo ya nabii, akaiweka juu ya uso wa mtoto. Hakukuwa na sauti. Mpaka Elisha alipokwenda kwa miguu yake, akaingia chumbani, akajilaza juu yake, macho kwa macho, mikono kwa mikono.

Na tusikimbilie kusema tunaogopa umbea. Mmbea hauliziagi mara ya pili akaketi. Akishapata anaondoka.

Mazoezi sijaacha, presha haitanii. Lakini Jumamosi simu itabaki nyumbani.

Kijana bado hajapiga. Mwombeeni, Mungu anamjua kwa jina.

Jumatano jioni nilikwenda kwa jirani yangu. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikageuza ndoo nikaikalia. Sikumwuliza kama watoto hawajambo. Nilimwuliza jana alilala saa ngapi. Alichambua sinia nzima ndipo akanijibu.